Lenzi Ndefu kwa Bibi Damari

Jamani, hili naomba mlisikie kutoka kwangu, kwa sababu Mwajuma ameshaanza kulisambaza kwa namna yake (na kwa namna yake mimi napiga magoti na kulia, jambo ambalo si kweli, sikupiga magoti), na kama ni aibu basi acha niibebe mwenyewe: mimi ndiye niliyevuruga sherehe ya ukoo wa watu Jumapili mchana kweupe, nikamkimbiza mchungaji na kwaya yake wakiwa na majoho, nikawajaza wazee wa watu kwenye zahanati ya Iguguno, na silaha niliyotumia ilikuwa kamera.

Mnaijua saluni yangu pale Iguguno, chumba kimoja kando ya barabara, viti viwili, kioo kimoja kikubwa. Nimesuka nywele pale miaka sita. Na kwa miaka yote hiyo nimeona kitu kilekile: mwanamke akishamaliza kusukwa anasimama mbele ya kioo, anageuka kulia, anageuka kushoto, anatabasamu peke yake, halafu anafunga kitambaa juu ya kazi yangu yote na kwenda zake kuchota maji. Nikawa najiuliza, Zuhura, hawa watu unawapendezesha kwa saa tano halafu unawaacha waondoke bila picha ya kuweka ukutani? Basi mavuno ya alizeti yalipokuwa mazuri nikauza, nikaweka kando fedha ya kamera, nikamchukua shoga yangu Mwajuma, ambaye tunasuka naye, tukapanda gari kwenda Singida mjini.

Tulikwenda dukani kwa Mama Zarina. Huyu ni mama wa Kihindi, babu yake aliuza vitu mtaa uleule, na Kiswahili chake ni cha Singida kabisa, ukijisahau anakusalimia kwa Kinyaturu na wewe ndiye unayebaki unatafuta jibu. Anauza redio, feni, na kamera zilizotumika ambazo anazikagua mwenyewe.

Akaniuliza, "Unataka kupiga picha gani, mwanangu?"

Nikamwambia, "Za watu, mama. Mtu amekaa vizuri, amependeza, ya ukutani. Ndiyo naanza, sitaki ya bei mbaya."

Akaleta mbili, akaziweka juu ya kaunta. Kamera zenyewe zilifanana, tofauti ilikuwa lenzi. Ya kwanza ilikuwa na lenzi fupi, fupi hasa, kama kifuniko cha chupa ya chai. Ya pili ilikuwa na lenzi ndefu kama mchi, nyeusi, ina namba pembeni, ukiizungusha inatoka inazidi kurefuka. Bei zake zilikaribiana sana.

Mama Zarina akaisukuma ile fupi kwangu. "Kwa sura za watu chukua hii. Unakaa naye chumba kimoja, unaongea naye, unampiga. Jioni mwanga ukipungua bado inaona. Hii ndefu ni ya vitu vya mbali, mpira, wanyama. Wewe utapiga watu au utapiga ndege?"

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Mama amekaa na kamera tangu mimi sijazaliwa, amenieleza bila kunificha, tena hakuwa na faida ya kunidanganya. Lakini Mwajuma akaninong'oneza (Mwajuma akinong'ona anasikika mpaka stendi), "Shoga, hiyo fupi utaonekana unapiga za pasipoti." Nami nikainyanyua ile ndefu, nikaona sura yangu kwenye kioo cha kabati, mkanda shingoni, lenzi imetangulia mbele kama mdomo wa bunduki, na nawaambieni ukweli, nilijiona mtu. Nikaona ninavyopita sokoni na watu wanapisha.

Mama Zarina hakubishana. Alisema tu, "Basi ijaribu kwanza. Mpige mwenzako hapa hapa ndani."

Nikamjibu, "Hakuna haja mama, tutachelewa gari."

Gari halikuwa linatuacha. Tulikaa stendi karibu saa nzima tukila mahindi ya kuchoma. Uamuzi wenyewe ni huo tu, wa kutokupiga picha moja ndani ya duka, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kesho yake nikamkalisha Mwajuma kwenye kiti cha saluni nimpige picha ya kwanza ya biashara. Nikaweka jicho. Naona kitu chekundu chenye vitundu vitundu, lenzi inakoroma, inakwenda mbele inarudi nyuma, inakataa kutulia, nikafikiri ina uchafu, kumbe ile ni pua ya Mwajuma. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Sasa naona jicho moja na nusu ya pua. Nikatoka mlangoni. Nikashuka barazani. Nikafika karibu na barabara, na ndipo uso wote ukaingia, nikapiga, huku watu wanapita katikati yetu na mwenye baiskeli ya mkaa ananiuliza kama niko salama.

Na hapo ndipo shetani alipocheza, kwa sababu ile picha ilikuwa nzuri. Nzuri kweli! Uso wa Mwajuma umetulia, mabutu kichwani yanang'aa, nyuma yake kumekuwa laini kama moshi. Nikaisafisha, nikaibandika mlangoni, na wiki hiyo nikapata wateja kumi na kitu, wote nikiwakalisha ndani na mimi nikiwapiga kutoka nje. Watu wakaanza kusema Zuhura anapiga kwa mbali, ndiyo utaalamu wenyewe. Sikuwasahihisha. Nikaanza na mimi kusema hivyo.

Basi siku moja akaingia Shangazi Raheli. Si shangazi yangu wa damu, Iguguno nzima inamwita hivyo. Anakaa na mama yake mzee, Bibi Damari, nyumba yao iko nje kidogo ya mji, imezungukwa na alizeti. Alikuja kusukwa, na safari hii alifuatana na kaka yake mkubwa, Mzee Mkumbo, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu na sasa amejenga Manyoni. Mzee mrefu, mkimya, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akaziangalia picha za mlangoni moja moja bila haraka, mikono iko nyuma. Kisha akasema, "Baba yetu tulimzika bila picha. Tulitafuta kila mahali. Pale msalabani tuliandika jina tu, na wajukuu wananiuliza babu alifananaje, nabaki nawaeleza kwa mikono." Akanigeukia. "Mama ana miaka tisini sasa. Jumapili ijayo watoto wake wote wanakuja, wa Shelui, wa Mwanza, wote. Jumatatu wanaondoka. Nataka picha moja, mama katikati na sisi sote, na nyumba nyuma. Hiyo kamera yako inaweza?"

Jibu la kweli lilikuwa sijui. Sikuwahi kupiga hata watu wawili pamoja. Lakini kamera ilikuwa shingoni, na Mwajuma ananiangalia, na wateja wawili chini ya vitambaa wananiangalia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, hii inapiga hata mlima."

Akaridhika. Akanipa mkono kabisa.

Jumapili mimi na Mwajuma tukafika mapema mchana. Nilikuta kitu nisichokitarajia: nilifikiri nakwenda kwenye familia, kumbe baada ya ibada mchungaji amealikwa, na kwaya nayo, na majirani, turubai limefungwa upande wa mbele, masufuria ya wali yanatokota, viti vya plastiki vimejaa. Watu zaidi ya mia, na wote wakageuka kuangalia lenzi yangu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaifungua ikarefuka ili waione vizuri.

Bibi Damari alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, kitenge kipya cha kijani, kilemba cheupe, miguu haigusi chini vizuri kwa udogo wake. Nikampa shikamoo, akanishika kidevu, akasema jambo kwa Kinyiramba. Shangazi Raheli akanitafsiria: "Anasema amekaa vizuri tangu asubuhi, usimcheleweshe." Halafu Shangazi Raheli akaendelea kunieleza mambo mengine, anaonyesha nyumba, anaonyesha bomba la maji, anaonyesha kule kwenye alizeti, nami naitikia ndiyo shangazi, sawa shangazi, huku nahangaika kuingiza betri. Sikusikia hata neno moja. Niliitikia tu.

Kwa kuwa mbele kulikuwa na turubai, tukawapanga upande wa nyuma ya nyumba. Mzee Mkumbo akawapanga mwenyewe kama mabehewa: Bibi katikati, yeye kulia na suti yake nyeusi, wadogo zake kushoto, wakwe, wajukuu wamesimama nyuma, watoto wamekaa chini, jumla yao hawapungui thelathini. Mchungaji na kwaya wakasimama pembeni kutazama. Nikaenda hatua kumi mbele yao, nikaweka jicho.

Nikaona sikio la Bibi Damari. Na hereni.

Nikapiga ya kujaribu, nikarudi hatua tano. Bibi na bega la Mzee Mkumbo, nikapiga tena. Nikarudi tena. Mtu wa kwaya akauliza, "Bado?" nikasema, "Bado kidogo!" Nikarudi, nikafika mwisho wa uwanja, naona Bibi na watu wanne, na hapo nikakwama, kwa sababu nyuma yangu sasa kulikuwa na shamba, alizeti imenipita kimo, maua yote yamefunguka. Nikawaza, niseme? Niseme mbele ya watu mia moja kwamba haiwezi? Mzee Mkumbo amesimama pale, kifua mbele, mkono begani kwa mama yake, hatikisiki.

Nikaingia kwenye alizeti kinyumenyume.

Nikajichagulia mstari, nikawa narudi katikati ya mashina, majani yananikwaruza mikono, jicho halitoki kwenye kamera maana nikilitoa nitawapoteza. Sasa wanaingia kumi. Sasa kumi na tano. Wanakuwa wadogo, wanapendeza, nyumba nayo inaanza kuingia, nikapata moyo. Na kule mbali nikamwona Shangazi Raheli anatoka kwenye mstari wa familia. Nikamvuta kwa lenzi nimwone, uso wake ukajaa wote, mdomo wazi, macho yametoka, mikono yote miwili juu anaipunga. Sisikii, upepo unapiga majani. Nikafikiri amefurahi! Wallahi nilifikiri ni furaha ya kumwona mama yake na watoto wote. Nikapiga picha hiyo, kisha nikapaza sauti, "Vizuri sana shangazi! Hivyo hivyo! Endelea!"

Naye akaendelea kweli, akaanza kurukaruka.

Nikarudi hatua moja zaidi, na mgongo wangu ukagonga kitu. Hakikuwa mti, kwa maana kilisogea. Kilikwenda nyuma kikarudi, kikanigonga tena, taratibu, kama mtu anayenigusa bega ili nigeuke. Nikageuka. Boksi la mbao limening'inizwa kwa waya kwenye nguzo mbili. Na la pili pembeni yake. Na nikasikia ile sauti.

Mizinga ya nyuki. Ndiyo aliyokuwa ananionyesha Shangazi Raheli kwa kidole mwanzoni, na mimi nikaitikia sawa shangazi.

Nilishtuka hata nikasimama tu. Sijui kwa muda gani, labda kupumua mara mbili. Nakumbuka niliona nyuki mmoja ametua kwenye lenzi anatembea polepole kuzunguka kioo, na mimi namwangalia kana kwamba yeye ndiye mteja. Halafu wa kwanza akanichoma chini ya jicho, na akili yote ikaniondoka.

Hiki ndicho kipande ninachokirukaga nikisimulia. Nilikuwa na shamba zima la kukimbilia. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu, nyuma kuna njia ya ng'ombe inakwenda mpaka bondeni. Mimi nilikimbia moja kwa moja kwa watu! Nilitoka kwenye alizeti kamera imenyanyuliwa juu, wingu linanifuata, na Shangazi Raheli yuko mbele yangu anapiga kelele ambayo sasa naisikia vizuri sana: "Usije huku! Zuhura, usije huku!"

Nikaja.

Jamani, nimeshaona mnadani ng'ombe walipokata kamba, lakini sijaona vile. Thelathini wa picha na mia wa kutazama walitawanyika mara moja. Majoho ya kwaya yanapepea, mchungaji ameingia chini ya meza ya soda na meza inatembea naye, mama mmoja amejifunika sinia, watoto wameingia ndani ya nyumba wakafunga mlango na wenzao wako nje wanagonga. Sufuria la wali likapinduka. Mzee Mkumbo, yule mzee wa kusimama kama nguzo, nilimwona kwa macho yangu anaruka ukuta wa zizi la mbuzi na suti yake.

Na uwanja ulipobaki mtupu ndipo nikaona kilichobaki katikati. Kiti cha mbao, na Bibi Damari juu yake.

Kila mtu alifikiri mwingine amembeba. Alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini, kilemba cheupe, nyuki wanamzunguka, na hakuinua hata mkono. Niliwaza, nimemuua. Nimekuja kumtafutia picha kabla hajafa, na nimemuua.

Sijui nilipata wapi miguu ya kurudi. Nilivua mtandio, nikavua na khanga niliyojifunga juu ya gauni, nikamfunika kichwa mpaka miguu, nikamlalia kwa juu, mgongo wangu ukawa ndio ukuta. Naomba msiniulize ilivyouma. Sikulia, nilipiga kelele, kuna tofauti. Na chini ya khanga nikamsikia Bibi anaongea kwa Kinyiramba, sauti ya mtu aliyekasirika. Shangazi Raheli akafika anakimbia na kijinga cha moto kilichofungwa majani mabichi, moshi mzito, akatuzungushia, na hata katika hali ile akanitafsiria huku anakohoa: "Anauliza mbona unamfunika uso, picha imeshapigwa?"

Tukamnyanyua na kiti chake, yeye huku mimi kule, tukagonga mlango mpaka watoto wakafungua.

Nyuki walitulia kwa moshi. Kijana wa Shelui, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa amekuja na kirikuu chake cha kubebea mizigo, tukapakiwa nyuma kama magunia, walioumwa sana kwanza. Zahanati siku ya Jumapili kuna nesi mmoja. Alitoka nje, akaona watu kumi na wawili wa suti na vitenge vipya wanashuka kwenye kirikuu, nyuso zimeumuka kama maandazi, akashika mdomo. "Hawa wametoka wapi?"

"Kwenye picha," mtu akamjibu.

Alianza na Bibi. Sote tukakaa kwenye benchi tukisubiri, nami nasoma kila dua ninayoijua, jicho moja limefumba kabisa. Nesi akampima, akamkwangua miiba, akamsikiliza kifua, akarudia tena. Kisha akasema Bibi amechomwa mara tatu tu, mkononi, mapigo yake mazuri kuliko yetu, abaki hapo aangaliwe mpaka jioni. Benchi zima likatoa pumzi. Mimi ndipo nikalia. (Haya, nililia. Mwajuma ameshinda.)

Mzee Mkumbo alikuwa upande wangu. Mdomo wa juu umevimba, suti imechanika begani, harufu ya mbuzi. Nikajikaza, nikasema, "Mzee, nisamehe. Kamera hii haiwezi picha ya familia. Tangu saluni sikuwa na uhakika, nikaona aibu kusema."

Akajigusa ule mdomo. "Ulisema inapiga hata mlima."

"Ndiyo mzee."

"Basi ungetupeleka mlimani," akasema, akageukia upande mwingine, na sikujua kama amekasirika au vipi, maana uso ule usingeweza kuonyesha kitu.

Hapo Mwajuma akaingia. Yeye alikuwa amejificha ndani ya tangi tupu la maji na hakuumwa hata mara moja. Alikuwa ameiokota kamera kule uwanjani, nzima kabisa, na kwa kuwa hana staha akaiwasha mbele ya watu wote waione kazi yangu. Sikio la Bibi. Bega la mzee. Halafu Shangazi Raheli, uso peke yake, mdomo wazi mpaka jino la mwisho, kila unywele unahesabika, picha kali sijapata kupiga nyingine kama ile. Nyingine hakuna. Shangazi Raheli akajiangalia kwa jicho lake moja lililobaki. "Hapo," akasema, "nilikuwa nasema mizinga."

Nesi alitoka nje kwenda kucheka.

Bibi Damari naye kutoka kitandani akauliza kinachochekesha. Walipomweleza akasema neno refu, na watoto wake wote wakainamisha vichwa. Nikamwomba Shangazi Raheli anitafsirie. Akasema, "Anasema kesho mnaondoka. Yeye amevaa, amekaa tangu asubuhi, na hatavaa tena. Apigwe sasa hivi."

Ikawa hivyo. Bibi akakalishwa kitandani, kilemba kikanyooshwa, wanawe wakajipanga nyuma yake kadiri chumba kilivyoruhusu, na nesi akatoa simu yake ya kioo kilichopasuka. Mimi nikajivuta kwenda mlangoni nisiwepo, nikasikia Bibi anasema kitu na kidole kinanielekea.

"Na huyu wa nyuki aingie," Shangazi Raheli akasema.

Nikaingia. Picha hiyo iko Manyoni sebuleni kwa Mzee Mkumbo, nyingine kwa Shangazi, na nyingine ninayo mimi. Watu kumi na mmoja hawatambuliki hata na mama zao, na katikati Bibi Damari, uso safi, macho makavu, amependeza kupita kiasi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuomba radhi rasmi. Nikakuta mzinga mmoja mtupu, nyuki wamehama na msimu wenyewe ndio ulikuwa unaanza kuwa mzuri, na mizinga ile ilikuwa ya kikundi cha akina mama, si ya Shangazi peke yake. Hapo hakukuwa na cha kuchekesha. Nimewasuka wanawake wote wa kile kikundi bure mpaka nyuki wengine walipoingia, na Shangazi Raheli alichagua mitindo mirefu kuliko yote ninayoijua.

Halafu nikarudi Singida mjini kwa Mama Zarina, uso bado una madoa, nikamweleza nataka kubadilisha kamera. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika kamera yangu, akabonyeza kitufe pembeni, akazungusha, krrk, lenzi ndefu ikatoka yote mkononi mwake. Akachukua ile fupi, akaipachika palepale. Krrk. Akanirudishia.

Nilibaki mdomo wazi kama Shangazi Raheli. Sikujua kama inatoka! Miezi yote ile sikujua kwamba inatoka!

"Kamera haina kosa," Mama Zarina akasema. "Lenzi ndefu nitamuuzia anayepiga picha za mpira. Sasa mpige mwenzako, hapa hapa ndani." Nikampiga Mwajuma tukiwa kwenye kaunta, hatua mbili, akaingia mzima na feni nyuma yake. Nikapiga tena. Nikapiga ishirini, gari likatuacha kweli.

Na nilifikiri mkasa umeishia hapo, mpaka mwezi uliopita simu ilipoita, Mzee Mkumbo kutoka Manyoni. Nikasimama wima kwa woga kana kwamba ananiona.

"Binti yangu anaolewa," akasema. "Njoo upige picha."

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Mimi, mzee? Zuhura?"

"Wewe." Kisha akaongeza, "Sisi aliotuzaa wote tulikimbia. Mimi niliruka zizi. Wewe ndiye uliyerudi kwa mama yangu." Halafu akakohoa, akataja siku, akakata simu kabla sijajibu.

Nitakwenda. Lakini nimeshaapa, na nyinyi ni mashahidi: sinunui tena kifaa kwa jinsi ninavyoonekana nikikishika, siitikii tena jambo nisilolisikia, na sirudi nyuma hata hatua moja kabla sijageuza shingo. Manyoni nitafika siku moja kabla, niukague ukumbi wote, pembeni, nyuma ya pazia, mpaka darini. Wakiniuliza natafuta nini, nitawaambia ukweli, na wacheke.